Bunduki Kampa Nani?

Ushongo, Pangani
14 Machi 1954

Mume wangu Miraji,

Marahaba. Naitikia kabla hujaamkia, maana shikamoo naona umeisahau kama ulivyosahau kuandika. Mie mzima, meno yaliyobaki nayo mazima, kuku wazima isipokuwa yule jogoo mwekundu aliyechukuliwa na kicheche, Mungu amkwamishie mfupa. Mama yako mguu umepoa. Mke mwenzangu Mboni binti Sadalla, mchumba wako, alikuja juzi kuniletea bamia, akajifanya kapita njia tu, na njia ya kwao wala haipiti kwangu. Nikamwambia mume wetu hajambo, akauinamisha uso mpaka ndani ya kapu. Mie wivu sina, ila bamia zake zilikuwa zimekomaa.

Anayeniandikia ni Bibiana, mke wa karani wa shamba la mkonge. Mkristo, mtoto wa watu, masista wamemfundisha mwandiko kama shanga kwenye uzi. Nimemwambia aandike kila ninalosema, asinipunguzie. Kaniuliza, "Hata matusi, Bibi?" Nikamwambia matusi ndiyo uanze nayo.

Haya, jambo lenyewe. Shekhe karudi! Shekhe mjukuu wa Mwatumu, mliyeondoka naye siku moja mmekaa nyuma ya lori mkitupungia. Muda wake umekwisha, wazungu wakamwambia endelea, kasema hataki. Kashuka garini Pangani miguu mitupu, buti wamemvua, na mdomo kafunga. Ukimuuliza habari za huko anakuuliza habari za minazi.

Mume wangu, nilicheka mpaka nikakaa chini. Wewe unajua Mwatumu na mie tumetoka wapi. Mie na chama changu cha ngoma, Sifa, yeye na Tausi yao, lelemama kwa lelemama tangu zama za Mdachi. Na tangu babu yako, mume wangu wa mwanzo, alipotoroka vita vya Mdachi nikamficha darini jikoni, wimbo wa Tausi ni ule ule:

Darini kuna kipanya, kina masharubu yake,
Kutwa hakionekani, usiku chaomba wali.

Wimbo huo nimezaa nao, nimelea nao, na siku tuliyomzika marehemu nilimwona Mwatumu kaing'ata kanga asije akauimba. Sasa Mungu si Athumani wala si Mwatumu, kaniletea Shekhe miguu mitupu. Harusini kwa mwalimu wa chuo cha Kurani tukapanga mstari, pembe zikalia, nikasimama mwenyewe mbele nikaangusha:

Kaenda na buti jipya, karudi peku kwa nyanya,
Bunduki kampa nani? Aulizwe na wenziwe.

Lo! Tausi waliinama kama kuku wa mvua. Mwanamkasi, naibu wangu, alirusha kigelegele mpaka kikamkaba. Hata watoto kisimani sasa wanaimba hivyo.

Basi niletee picha yako, umevaa nguo za jeshi, na bunduki ionekane. Usicheke pichani. Nataka Mwatumu aione.

Ni mie mkeo mkongwe, Mwanasiti binti Hamadi.


Nyeri, Kenya
25 Aprili 1954

Mke wangu Bi Mwanasiti,

Shikamoo. Nami ni mzima, nakuombea wewe, mama na kuku waliosalia. Mboni mwambie bamia zikomae, nitakula hivyo hivyo.

Picha ni hii. Nimejitahidi nisicheke, lakini aliyesimama kushoto kwangu alikuwa ananichekesha. Huyo ni Luka, rafiki yangu, mtu wa milimani kule Amani. Tunalala hema moja. Mama yake anaitwa Lea, naye ana maneno kama wewe, ila yeye yake ni ya Biblia. Luka anakusalimu na anasema ukimchoka mume huyu, yeye yupo.

Baridi ya hapa ni ya kuzungumza nayo. Asubuhi maji ya kunawa yana ngozi ya barafu juu. Kazi yetu ni doria kwenye ukingo wa msitu, na kuwalinda wanakijiji wakichimba handaki kukizunguka kijiji chao wenyewe, ili watu wa msituni wasipate chakula kwa ndugu zao. Wanawake ndio wanaochimba zaidi. Kuna mmoja ana mgongo kama wako.

Wimbo wako nilimsomea Luka. Akacheka, halafu akaniuliza huyo Shekhe alikosa nini.

Mimi nilitia miezi mingi kuliko Shekhe, muda wangu unakwisha Desemba. Wameanza kutuambia tutie saini tena. Bado sijasema kitu.

Nina swali moja la upuuzi. Babu alipokuwa darini siku zote zile, aliwahi kukwambia kwa nini alikimbia? Sio wimbo unavyosema. Yeye mwenyewe.

Mumeo, Miraji


Ushongo
20 Juni 1954

Mume wangu mwenye maswali,

Marahaba. Idd imepita salama, tumekula, tumevimbiwa. Mama yako kakushonea kofia, itakungoja. Mvua zimeangusha ukuta wa choo cha Sadalla, na sasa baba mkweo anakwenda haja akiimba ili watu wajue yumo.

Picha imefika! Nimeishona kwenye mwavuli wangu wa ngoma, pale mbele, na shada la asumini juu yake. Nikiuzungusha unazunguka nao, wewe na huyo Luka wako. Mwatumu alipoiona akasema, "Masikio ya babu yake hayo." Nikamwambia, "Masikio ya babu, miguu ya bibi, na hii haikimbii." Akasingizia kikohozi. Luka mwambie kwa sura nimemkubali, kwa kula bado sijui.

Unaniuliza babu yako alikimbia nini. Kaa kitako. Mdachi alimchukua pale Pangani, akamvika kofia yenye mkia nyuma, akamfundisha kulia na kushoto, akampeleka Tanga. Manuwari za Mwingereza zikaja, zimejaa watu wa Bara Hindi kama dagaa kwenye tenga. Maskini wa Mungu! Wamekaa baharini mpaka matumbo yamepinduka, hawajui Tanga ni mji ama ni tunda, wakashushwa mchangani wakaambiwa haya, piganeni. Risasi zikaanza kulia. Babu yako akatazama mbele, akatazama nyuma, akaona nyuma ndiko aliko mkewe. Akaja zake. Na huku yeye anakimbilia Pangani, wale wa Bara Hindi nao wameshageuka, wanakimbilia melini! Mume wangu, mtu kakimbia vita ambavyo upande wake unashinda! Angelala tu pale chini akajifunika majani, angeamka kashinda. Angepewa nishani kwa usingizi.

Watu wa Tanga watakwambia walioshinda ni nyuki. Nyuki walikuwepo, walitoka mizingani, waliuma watu, sikatai. Lakini nyuki mie wameniuma shambani mara ngapi, na shamba sijalihama. Wale watu walishashindwa ndani ya meli. Walipoteremka walikuwa wanatafuta tu mtu wa kumsingizia, nyuki wakajileta. Na upande wa Mdachi nako walikuwepo waliogeuka, basi tu hawakukimbia haraka. Vita ni kama lelemama, Miraji. Hashindi mwenye pembe nyingi. Nimeona chama kina pembe, kina nguo za Bombei, kina waimbaji, mmoja tu katikati ya mstari akaona haya, akatazama chini, basi mstari mzima umekatika. Atakayetazama chini kwanza ndiye kashindwa.

Mdachi alikuwa na bunduki, Mwingereza alikuwa na manuwari, babu yako alikuwa na mie. Nikampandisha darini katikati ya makumbi ya nazi, maana Mdachi alikuwa ananyonga watoro, na hakushuka mpaka Mwingereza alipoingia Pangani. Alishuka kanenepa.

Kama alinambia kwa nini? Alinambia. Halina maana, ni upuuzi wa mtu aliyekaa gizani. Tuyaache.

Sasa sikiliza. Usije ukatazama chini. Tia saini. Mie nimeshaangusha ule wimbo mbele za watu, nimeuliza bunduki kampa nani, na mji mzima unausubiri ukoo wangu. Ukija peku na wewe, Mwatumu atakula, atalala na kuzeeka na wimbo wangu mwenyewe. Bibiana ananitazama. Andika, Bibiana, usinitazame.

Mkeo, Mwanasiti


Nyeri
9 Agosti 1954

Kwa Bibi Mwanasiti,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na kuielewa. Mimi ni mzima. Mama nisalimie.

Mvua ni nyingi. Barua zetu sasa zinasomwa na wakubwa kabla hazijaondoka, kwa hiyo habari za kazi siwezi kuandika.

Kuhusu saini, nitatia kama unavyotaka.

Wako mtiifu, Miraji


Ushongo
2 Septemba 1954

Wewe Miraji,

Marahaba, lakini hiyo shikamoo imenifika imekauka. Kwetu wote wazima, kondoo wa Sadalla kazaa pacha, mama yako anakusalimu, yote hayo yaweke pembeni.

"Kwa Bibi Mwanasiti"? Nani kakupa talaka? Mashahidi nani? Tangu umejua kusema hujaniita Bibi hata siku moja, umeniita mke wangu, kizee changu, jiko langu bovu, ukanambia nikifa utanizika na kata mdomoni nisije nikawasema malaika. Leo nimekuwa Bibi, na wewe umekuwa mtiifu! Mtiifu tangu lini? Ulivyokuwa mdogo nilikutuma chumvi ukaniletea mjusi. Bibiana alipomaliza kusoma nikamwambia geuza, labda nyuma kuna maneno. Kageuza. Hamna.

Kama ni wakubwa wanasoma, nawasalimu. Wakubwa hamjambo? Mie ni bibi yake. Wazee wa kizungu mnaosoma barua za mtu na mke wake, na nyie hamna wake wa kuwaandikia?

Sasa nakuamuru. Nitukane. Chukua kalamu, nitukane tusi moja zuri, la kwetu, nijue uko humo ndani. Sitaki pesa, sitaki blanketi, nataka tusi.

Na Luka hajambo? Nilimtumia salamu hukujibu, sasa nauliza. Kila nikizungusha mwavuli namwona ananicheka. Mwambie nimekubali, aje, nitawaoa wawili.

Kuhusu saini, tia. Nimesema tia, sijageuza neno. Mwatumu juzi kapita mlangoni pangu na kanga mpya, kapunguza mwendo ili nisome maandishi. Sikuyasoma. Mie sijui kusoma.

Mkeo, kama bado, Mwanasiti

Ndugu Miraji, haya naandika mimi Bibiana bila Bibi kujua. Tangu barua yako ije hali vizuri. Kauondoa mwavuli ukutani, kaukunja, kauweka kitandani upande wa babu yako. Kanikataza nisikwambie.


Nyeri
10 Oktoba 1954

Mke wangu, jiko langu bovu,

Shikamoo. Hilo ndilo tusi nililoweza, mengine yamekwama.

Barua hii anakuletea mkononi Uweso, dereva wetu, mtu wa Pangani, amepewa likizo. Haikusomwa na mtu. Kwa hiyo nitasema, na Bibiana asome taratibu.

Luka hayupo. Hakufa. Mwezi wa Julai tulikuwa doria, tukamkuta mwanamke anatoka upande wa msitu na kikapu. Ndani mna viazi vitamu na kitambaa. Sajenti akamwambia simama. Akakimbia. Sajenti akasema pigeni. Luka ndiye aliyekuwa mbele. Akaichukua bunduki yake akailaza chini polepole, kama mtu anayetua mzigo wa kuni, kisha akakaa kando yake. Akasema, "Mie basi." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyeshiba.

Risasi ililia. Usiniulize aliyepiga ni nani.

Luka walimfunga pingu, wakampandisha garini, na mpaka leo hatujaambiwa yuko gereza gani. Usiku ule hema lilikuwa kubwa.

Unanambia nisitazame chini. Mke wangu, hapa kila mtu anatazama chini. Sisi tuna magari na ndege, wao wana mapanga na bunduki za kutengeneza kwa komeo la mlango. Lakini nao nimewaona. Wanatoka msituni mikono juu, ngozi imeshika mifupa, na macho yao ni haya haya niliyonayo mimi nikinyoa ndevu. Sajenti anasema watu hao wamechoka, tumeshinda. Na mimi najiuliza, wakijua na sisi tumechoka? Atashinda atakayechelewa kusema. Wakubwa hawachoki, maana mlima hawaupandi.

Tangu siku ile nalenga matawi. Nimekuwa bingwa wa matawi. Sijui kama wenzangu wameona, ama na wao wanalenga hayo hayo.

Karatasi ya saini iko mezani kwa karani. Wamenipa mpaka mwisho wa Novemba. Ukisema tena nitie, nitatia, sina nguvu ya kubishana na watu wawili, wewe na wao. Lakini nataka ujue unayemwambia atie saini ni nani. Yule wa kwenye mwavuli hayupo.

Miraji


Ushongo
14 Novemba 1954

Mume wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba.

Kwetu tuko wazima na Maulidi tumesoma. Mboni hajambo. Safari hii kaleta bamia changa, kajirekebisha. Bibiana anaandika huku anafuta pua, kasema ni vumbi la mkonge. Nimemwambia jumba lenu halina vumbi, lia uandike.

Nimesoma kwa masikio barua yako, kisha nikamwambia asome tena. Halafu nikajifunga kanga nikaenda kwa Mwatumu. Ndiyo, kwa Mwatumu. Miguu yangu ilikuwa inaniuliza tunakwenda wapi.

Nikapiga hodi. "Nani?" Nikasema, "Adui." Akasema, "Adui karibu, vua viatu." Nikamwambia, "Sikuja kwako, nimekuja kwa Shekhe." Shekhe alikuwa uani anafua nazi, lundo la makumbi limemfika kiunoni. Mwatumu akaja nyuma yangu na kikombe cha kahawa, akasema, "Mwanasiti, umekuja kutafuta ubeti wa pili? Mpime vizuri basi, na miguu mitupu hiyo hapo." Kahawa nikaipokea. Ilikuwa nzuri, mchawi yule.

Nikamuuliza Shekhe, "Mwanangu, huko kuna nini?" Akaendelea kufua. Nikakaa. Nikaanza kuokota makumbi nayapanga, maana mie siwezi kukaa bure. Baadaye akasema bila kuniangalia, "Bibi, huko mtu hashindwi kwa kupigwa. Asubuhi moja unafunga kamba za buti, unaona mikono yafunga, mwenyewe hayupo."

Nikasema, "Na akibaki na hali hiyo?"

"Akibaki, mikono itaendelea kufanya kazi bila mwenyewe. Hapo ndipo pa kuogopa, Bibi. Mie niliogopa mikono yangu."

Mwatumu akakaa kando yangu, akaokota kumbi na yeye. Nadhani na yeye alikuwa hajawahi kumuuliza.

Sasa nikwambie la babu yako, maana uliniuliza nikakuficha. Halikuwa na wimbo, ndiyo maana. Pale Tanga alijikuta kichakani na mmoja wa wale wa Bara Hindi, kaumia, kakaa kaegemea mnazi. Yule mtu akafanya hivi kwa mkono, maji. Babu yako akampa kibuyu. Akanywa, akamrudishia, akampangusia na mdomo wa kibuyu kwa nguo yake, adabu ya mtu kwao. Marehemu akanambia, "Mwanasiti, nikaitazama bunduki, nikaona nimebeba kitu cha mtu mwingine." Akaiacha pale, akaja kwangu. Mie nikamwambia shuka ule wali, ukishanenepa utafikiri vingine. Hakufikiri vingine.

Haya, ngoma. Baada ya Maulidi ilikuwa harusi kwa Uweso, huyo dereva wako, anamwoza binti yake. Mashindano makubwa, Sifa huku, Tausi kule. Anayeshindwa ndiye anayepika. Watu wamekuja mpaka kutoka Pangani. Pembe zikalia, Mwanamkasi ananong'ona, "Kaenda na buti, Bi Mwanasiti, anzia hapo, tuwamalize." Nikaufungua mwavuli. Nikakutazama wewe na Luka. Nikasimama mbele ya mstari, nikaimba:

Na wangu yuaja peku, mfungulieni njia.
Bunduki kampa nani? Kampa alomtuma.

Miraji, ulisikia kimya? Upatu na pembe vilinyamaza vyenyewe. Mwanamkasi akanivuta kanga: "Umerogwa? Unatupiga wenyewe!" Nikarudia. Nikarudia na tatu. Tausi kule wanatazamana, hawajui waitikie ama wacheke. Mwatumu akajaribu kuokoa mambo, akaanza, "Darini kuna kipanya," na mie nikamdaka, nikauimba naye, kwa sauti kuliko yake, kina masharubu yake, mpaka mwisho, na kumbe wimbo ule ni mzuri! Miaka yote hii sikujua una sauti nzuri vile, maana nilikuwa nausikia kwa ini. Wakaufikisha kwenye wali ukawafia mdomoni. Utamchoma nani na ukuni uliozimika?

Tumeshindwa, bila ubishi. Tausi wamekula pilau tuliyopika sie, na wamesema mchele mbichi. Nusu ya Sifa hawanisemeshi. Mwanamkasi anataka kunivua ukubwa, nimemwambia achukue, na mwavuli wake mpya atafute, huu una wenyewe.

Unajua aliyeumia zaidi? Mwatumu. Kaja kwangu asubuhi yake, kafura. "Mwanasiti umeniharibia. Nilishatunga beti za mjukuu wako akirudi, nzuri, za kuua mtu. Sasa nitamwimbia nani?" Nikamwambia kaa, kunywa kahawa. Akasema kahawa yangu mbaya. Amekuja na jana. Na leo.

Kwa hiyo sikiliza, mume wangu. Karatasi ile mwachie karani afungie karanga. Wakikuuliza kwa nini, waambie una mke mkali. Wakubwa na wapande mlima wenyewe, hewa nzuri, wataona. Wakikucheka, waache, mie nimechekwa kwa maisha ya babu yako yote na bado nala.

Aliyepiga sikuulizi. Siulizi leo, wala ukifika, wala siku ya kufa. Ukitaka kusema, Shekhe yuko uani kwao anafua nazi. Kaa, ushike nazi na wewe.

Dari sikufagilii. Yule alikuwa ananyongwa, wewe hunyongwi. Utaingia mlango wa mbele, mchana.

Mkeo, Mwanasiti


Nguvumali, Tanga
6 Januari 1955

Mke wangu, kizee changu, jiko langu bovu lisilozimika,

Shikamoo. Niko Tanga tangu jana. Sikutia saini. Buti wamezichukua, na mshipi, na koti. Karani aliniuliza kwa nini, nikamwambia ulivyoniagiza. Akasema kumbe na yeye anaye wa namna hiyo.

Usinipikie bado. Kesho napanda Amani kwanza, kwa mama yake Luka. Hajui mwanawe yuko gereza gani, na mimi sijui, lakini najua alivyokaa chini siku ile. Nataka amsikie kutoka kwa mtu aliyekuwepo. Najua atanisomea Biblia. Nitasikiliza yote.

Halafu naja. Mboni mwambie. Shekhe mwambie aniwekee kifuo cha kufulia nazi. Na Mwatumu mwambie zile beti asizitupe. Nitakaa barazani, mchana, miguu nimeinyoosha mbele, aje aniimbie zote.

Mumeo, peku,
Miraji